Bawaba za Mlango wa Motokaa: Jinsi ya Kutoa Pini Zilizolika na Kutia Mpya

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne



Mtu akisimama kando ya barabara itokayo Muheza kwenda Amani wakati wa msimu wa machungwa, ataona magari ya kila namna yakipanda na kushuka mlima. Miongoni mwake zimo Land Rover na Land Cruiser zilizotengenezwa kabla sisi hatujazaliwa. Injini zake zingali na nguvu na magurudumu yake yanazunguka vema, lakini hebu tazama milango. Huu umelegea, na dereva hauwezi kuufunga ila kwa kuuinua kwa mikono miwili na kuusukuma kwa goti. Ule pale umefungwa kwa kamba ya mkonge. Mkoa wetu wa Tanga umelima mkonge tangu mwaka 1893, wala kamba hazijatupungukia, lakini kamba si kitasa.

Mlango uliolegea una hatari mbili. Hatari ya kwanza ni kufunguka wenyewe gari likiwa katika mwendo, hasa penye kona, abiria anapoulalia. Hatari ya pili watu wengi hawaifikirii: mlango uliofungwa kwa kamba hauwezi kufunguliwa upesi. Gari likipinduka au likishika moto, aliyemo ndani hana muda wa kutafuta fundo. Kwa hiyo yule anayefunga kamba ili abiria asianguke nje, amemfungia abiria huyo huyo ndani.

Aghalabu chanzo cha taabu yote hiyo ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole, nacho ni pini ya bawaba. Nilijifunza kazi ya kuitoa na kuibadili wakati wa likizo kwa fundi mmoja wa gereji hapa mjini, nami nataka kuieleza kwa wenzangu, na kwa wazazi wenye magari ya zamani.

Bawaba ni nini?

Bawaba ya mlango wa gari ina vipande viwili. Kimoja hushikizwa kwenye nguzo ya bodi, na kingine kwenye mlango. Kila kipande kina pete, moja au zaidi. Pete hizo zikipangwa pamoja, pini hupitishwa katikati yake, na mlango ukazunguka juu ya pini hiyo. Katika magari mengi, ndani ya pete hutiwa bushi, yaani mrija mfupi wa shaba au wa plastiki ngumu. Bushi ni laini kuliko pini, nayo imewekwa makusudi ili ilike badala ya chuma, kwa kuwa ni rahisi kuibadili.

Wazee wetu wa pwani waliochonga milango ya nakshi ya Pangani, Mombasa, Lamu na Unguja hawakutumia bawaba za namna hii. Walitengeneza ncha mbili za mviringo, moja juu na moja chini ya ubao, nazo zikazunguka ndani ya matundu ya fremu na kizingiti. Ijapokuwa umbo ni jingine, kanuni ni ile ile: panapozungukiwa ndipo panapolika.

Kwa nini pini hulika?

Hapa yatupasa tukumbuke somo la fizikia juu ya momenti. Tuchukue mlango wa kilo 20, wenye upana wa sentimeta 90, ambao bawaba zake mbili zimeachana kwa sentimeta 45. Uzito wake ni nyutoni 200, nao hukaa kama katikati ya mlango, sentimeta 45 kutoka kwenye bawaba. Basi momenti yake ni 200 × 0.45, yaani nyutoni-meta 90. Bawaba ya juu huvutwa kwenda nje na bawaba ya chini husukumwa kwenda ndani, na nguvu ya kila moja ni 90 ÷ 0.45, yaani nyutoni 200. Nguvu hiyo haipumziki usiku wala mchana, maadam mlango uko wazi au haujakamatwa sawasawa na kitasa.

Sasa mtoto wa kilo 50 na aning'inie kwenye ukingo wa mlango huo, kama tunavyowaona watoto wakifanya kwa mchezo. Uzito wake ni nyutoni 500, nao uko sentimeta 90 kutoka kwenye bawaba. Momenti yake ni 450, na nguvu inayoongezeka katika kila bawaba ni 450 ÷ 0.45, yaani nyutoni 1,000. Jumla ni nyutoni 1,200, mara sita ya mzigo wa kwanza. Ndugu zangu, tusining'inie kwenye milango ya magari ya watu.

Juu ya uzito huo, ongeza mambo mawili ya hapa kwetu. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara huingia katika pete, likachanganyika na mafuta ya zamani na kusaga chuma kama msasa. Wakati wa masika maji huingia, na kutu ikafanya kazi iliyobaki. Milima ya Usambara Mashariki hupata mvua nyingi, na upande wa Tanga kuna hewa ya chumvi ya bahari. Magari yetu huzunguka kati ya sehemu hizo mbili.

Land Rover za zamani zina jambo lake pia. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo mabati mengi ya bodi yalitengenezwa kwa aluminiamu. Lakini fremu ya mlango na nguzo yake ni chuma. Pale chuma na aluminiamu vinapogusana penye unyevu, aluminiamu huliwa upesi. Kwa sababu hiyo, mwenye Land Rover asitazame pini peke yake, bali atazame na mahali bawaba ilipofungwa.

Kupima kabla ya kugusa nyundo

Fungua mlango nusu. Shika ukingo wake wa upande wa kitasa, uuinue na kuushusha polepole, huku mwenzako akitazama bawaba kwa karibu. Ataona moja kati ya mambo haya matatu:

1. Pini inacheza ndani ya pete. Hapa pini au bushi imelika, na somo hili linamhusu.

2. Bawaba nzima inacheza juu ya nguzo au juu ya mlango. Hapa bolti zimelegea. Zikazwe kwanza, kisha upime tena.

3. Nguzo yenyewe au bati la mlango linajikunja. Hapa pana ufa au kutu iliyokula ndani. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, na pini mpya haitasaidia kitu.

Pini ikilika kidogo tu, mlango hushuka sana. Kama bawaba ya juu ina mchezo wa milimeta 1.5, na mlango ni ule tulioutaja, ukingo wa kitasa utashuka kwa 1.5 × 90 ÷ 45, yaani milimeta 3. Kanuni yake ni hii: mchezo wa pini, mara upana wa mlango, gawanya kwa umbali kati ya bawaba. Milimeta 3 zatosha kabisa kukifanya kitasa kisikutane na kishikio chake.

Wengi wakiona hivyo hukimbilia kuteremsha kile kishikio cha kitasa kilichoko kwenye nguzo. Mlango hufunga kwa muda, lakini ugonjwa umebaki pale pale. Pini huendelea kulika, mlango huendelea kushuka, na mwisho kishikio hakina tena mahali pa kuteremkia. Kishikio hurekebishwa mwisho, baada ya bawaba kupona.

Vifaa

Vifaa vinavyotakiwa si vingi: jeki, kipande cha ubao na gunia la kuwekea juu ya jeki, nyundo mbili, spana, bisibisi, koleo, msumeno wa chuma, tupa, brashi ya waya, mafuta ya kulainisha kutu, grisi, miwani ya kukinga macho, na kisukumio. Kisukumio ni kipande cha chuma kigumu cha mviringo, chembamba kidogo kuliko pini, chenye ncha bapa. Pini na bushi mpya ziwe za namba ya gari lako, au zichongwe na fundi wa kerezo kwa kipimo cha zile za zamani.

Kipimo kichukuliwe kwa kalipa, na kichukuliwe mahali pa pini pasipolika, kama vile karibu na kichwa. Ukipima pale palipolika utachongewa pini nyembamba, na kazi yako yote itakuwa bure.

Kutoa pini

Kwanza, siku moja kabla ya kazi, piga brashi bawaba zote na kuzitia mafuta ya kulainisha kutu. Rudia jioni na asubuhi. Moto usitumike karibu na rangi, viti na petroli, hata kama pini imegoma.

Pili, weka gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono na kuweka mawe au vigogo kwenye magurudumu. Kama mlango una nyaya za umeme, toa waya wa betri. Fungua mkanda au mkono unaouzuia mlango usifunguke kupita kiasi, kwa maana huo nao utazuia kazi.

Tatu, weka jeki chini ya mlango, na juu yake ubao na gunia. Inua polepole mpaka jeki ibebe uzito wa mlango, usizidishe. Ukiinua kupita kiasi utaibana pini, nayo haitatoka. Mwenzako aushike mlango wakati wote. Mlango wa kilo 20 ukimwangukia mtu mguuni humpeleka hospitali.

Nne, toa pini moja tu kwa wakati mmoja. Anza na bawaba ya chini, itengeneze mpaka imalizike, ndipo uende kwenye ya juu. Kwa njia hii bawaba moja huwa imeushika mlango mahali pake siku zote, wala huna haja ya kutafuta upya mahali ulipokuwa. Kama ni lazima kufungua bolti za bawaba yenyewe, basi chora mstari kuizunguka kwanza, upate kuirudisha pale pale.

Tano, tambua pini yako imeshikwaje. Ziko aina nne zinazoonekana mara kwa mara:

(a) Pini iliyo kama bolti, yenye nati upande mmoja. Fungua nati, kisha itoe.

(b) Pini yenye pete ndogo ya kukaba mwishoni. Pete hiyo huruka kwa nguvu. Ifunike kwa kitambaa unapoitoa.

(c) Pini yenye meno membamba chini ya kichwa, ambayo imeingizwa kwa nguvu. Hii hutoka upande wa kichwa tu. Kama kichwa kiko juu, gonga kutoka chini. Ukigonga upande usiopasa, unazidi kuikaza.

(d) Pini iliyopondwa pande zote mbili kama ribiti. Kata kichwa kimoja kwa tupa au drili, ndipo uisukume.

Tazama pia kama bawaba ina springi. Springi ikiwapo ifunike na ushike kwa makini, isije ikaruka usoni.

Sita, vaa miwani, weka kisukumio kwenye mwisho wa pini, na ugonge kwa mapigo mafupi yenye nguvu. Mwenzako aushikize uso wa nyundo nzito upande wa pili wa bawaba, bila kuiziba pini, ili pigo liingie kwenye pini badala ya kupinda nguzo. Pini ikikataa kabisa, pitisha msumeno wa chuma katika nafasi iliyo kati ya pete, ukate pini, kisha utoe vipande kimoja kimoja.

Kutazama matundu

Pini ikitoka, isitupwe. Utaona kwamba imelika upande mmoja, kwa sababu mzigo wake siku zote ulitoka upande mmoja. Sukuma bushi za zamani nje, safisha pete kwa kitambaa, kisha tazama tundu lenyewe.

Tundu likiwa mviringo kamili, utatia bushi mpya na pini ya kipimo kile kile. Tundu likiwa limekuwa na umbo la yai, pini mpya itacheza kama ya zamani. Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kulipanua tundu kwa drili mpaka liwe mviringo tena, na kutia bushi au pini nene zaidi. Ya pili, kama chuma cha pete kimekwisha kuwa chembamba, ni kununua bawaba nyingine. Pete nyembamba hukatika, na pete ikikatika mlango wote huondoka.

Naomba niseme neno juu ya vitu vinavyotiwa mahali pa pini. Msumari na kipande cha nondo ni chuma laini, navyo hulika baada ya muda mfupi. Mguu wa drili ni mgumu mno, nao huweza kukatika ghafula bila dalili. Bolti iliyochongwa nyuzi mwili mzima huila pete kama tupa kila mlango unapofunguliwa. Kama hapana budi kutumia bolti, basi iwe ile yenye sehemu laini isiyo na nyuzi, ndefu ya kutosha kupita katika pete zote, na ifungwe kwa nati isiyolegea.

Kutia pini mpya

Gonga bushi mpya taratibu, ukiweka kipande cha mbao kati yake na nyundo. Kama bushi ina ukingo, ukingo huo ukae kati ya pete na pete, usiingie ndani ya tundu. Paka grisi kidogo kwenye bushi na kwenye pini. Panga matundu yawe mstari mmoja kwa kupandisha au kushusha jeki kidogo kidogo, nusu zamu kwa nusu zamu. Pini ikipita sehemu ya kwanza kwa mkono, imekaa sawa. Ikigoma mwanzoni, usiilazimishe, rekebisha jeki.

Isukume kwa nyundo mpaka kichwa kikae, ukiiingiza upande ule ule ambao ya zamani ilikuwa imeingilia. Rudisha nati, pete ya kukaba au chochote kilichokuwa kimeishika. Pini isiyoshikwa hupanda yenyewe kwa mtikisiko wa barabara, na siku moja hutoka.

Kisha fanya bawaba ya juu kwa taratibu hizo hizo, rudisha mkanda wa mlango na waya wa betri, na uondoe jeki.

Kujaribu

Funga mlango polepole, usiubamize. Tazama kama kitasa kinakutana na kishikio chake katikati. Kama kilikuwa kimekwisha kuteremshwa na mtu mwingine, sasa ndio wakati wa kukipandisha. Vitasa vingi vya magari vina hatua mbili, na mlango uliofungwa sawasawa hulia mara mbili. Ukilia mara moja tu haujafunga.

Baada ya hapo bana kipande cha karatasi kati ya mlango na mpira wake, uvute. Karatasi ikishikwa pande zote, mlango umekaa vema. Ikitoka bila kushikwa mahali fulani, hapo ndipo vumbi na maji yatakapoingia. Mwisho, fungua mlango kwa ndani na kwa nje mara kadhaa. Mlango mzuri ni ule unaofunga na pia unaofunguka, na hata mtoto mdogo aweze kuufungua kutoka ndani akiambiwa atoke upesi.

Matunzo

Kila mwezi futa bawaba kwa kitambaa, ndipo utie matone machache ya oili. Kutia oili juu ya vumbi bila kufuta ni kujitengenezea msasa. Baada ya safari ya matope, osha na kukausha kabla ya kutia mafuta.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Pini mbili na bushi zake ni kazi ya asubuhi moja. Ukiziacha, utabadili bawaba. Ukiiacha bawaba, utabadili mlango na kuichomelea nguzo.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alituandikia juu ya Elimu ya Kujitegemea, akataka shule zisitenge masomo ya vitabu na kazi za mikono. Kanuni ya momenti tunaisoma darasani na kuijibu katika mtihani. Bawaba ya gari bovu nayo ni ukurasa wa kitabu hicho hicho. Ningefurahi kama mwalimu wa fizikia, pamoja na fundi mmoja wa mjini, wangetupatia mlango wa zamani kwa ajili ya mazoezi siku za Jumamosi.

Maswali ya kujipima

1. Mlango una upana wa sentimeta 100, na bawaba zake zimeachana kwa sentimeta 40. Pini ya juu ina mchezo wa milimeta 2. Ukingo wa kitasa umeshuka kiasi gani?

2. Pini ina kichwa upande wa juu, na meno chini ya kichwa. Utagonga kutoka wapi?

3. Fundi ametia pini mpya ya kipimo sahihi, lakini mlango ungali unacheza. Taja sababu mbili.

Majibu: (1) Milimeta 5. (2) Kutoka chini kwenda juu. (3) Tundu limekuwa na umbo la yai, au bolti za bawaba zimelegea. Aliyejibu kwamba bati au nguzo ina ufa naye amepata.